Uso wa Dracula na Kigingi Kisichokuwapo

Tanga

Sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko Toronto, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, na mama anakusalimu na kuuliza kama kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Barua yako niliipata pamoja na kitabu kinene cha nyeusi na nyeupe ulichokinunua katika duka la vitabu vya mitumba, nami nimekisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu hoja ulizoziandika ni nzito na sikutaka kukujibu kwa hasira ya kwanza.

Umeandika kwamba mwendelezo wa The Tomb of Dracula, ile katuni ya kampuni ya Marvel ya Marekani kuhusu mnyonya damu Dracula, ulivunjika tangu toleo la kwanza, na kwamba shabiki anayelalamika kuwa Blade, yule mwindaji wa wanyonya damu, wa leo si yule wa mwaka 1973 hana haki ya kulalamika, maana hadithi yenyewe haikuwahi kuwa nzima. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo nakubaliana nawe. Sehemu ya pili siikubali hata kidogo, na barua hii nzima ni ya kukueleza kwa nini.

Nianze na kigingi, kwa kuwa ndicho ulichokishikilia. Katika riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 Dracula hauawi kwa kigingi. Wawili kati ya wanaomwinda ndio wanaommaliza: Jonathan Harker anamkata koo kwa kisu kipana kilichopinda, Quincey Morris anamchoma moyoni kwa kisu cha kuwindia, na mwili wote unageuka vumbi mbele ya macho ya watu waliosimama pale. Lakini katika toleo la kwanza la katuni, la Aprili 1972, Frank Drake, mzao wa Dracula aliyerithi ngome kule Transylvania, anakwenda huko na mpenzi wake Jeanie na mwenzao Clifton Graves, na huyo Clifton anakuta ndani ya jeneza kiunzi cha mifupa chenye kigingi kifuani, anakichomoa, na Dracula anaamka. Unauliza mifupa ilitoka wapi ikiwa mwili ulikwisha kuwa vumbi, na ni nani aliyepiga kigingi hicho. Nimeisoma pia dhana yako, kwamba visu vya chuma havikumuua, kwamba alijigeuza vumbi mwenyewe apate kuokoka, na kwamba mwindaji mwingine asiyetajwa alimpata baadaye. Ni dhana nzuri, na riwaya yenyewe inaiachia mlango, kwa kuwa Van Helsing, kiongozi wa wawindaji hao, anahimiza muda wote habari ya kigingi na kukata kichwa, kisha mwisho unakuja kwa visu viwili tu.

Lakini nakuuliza kwa dhati, sahibu: ulipokisoma kisa kile kwa mara ya kwanza, je, uliliona pengo hilo? Mimi sikuliona. Nililiona miaka mingi baadaye, nilipoketi na riwaya mkono mmoja na katuni mkono wa pili. Wakati wa kusoma nilikuwa nimeshikwa na yale mawingu, na lile vazi linalofunguka kama bawa la popo, na uso ule mrefu wenye mashavu yaliyoingia ndani ukinitazama kutoka gizani, na wala haikunijia kuuliza habari za mifupa.

Hapo ndipo tunapoachana, mimi nawe. Wewe unaupima mwendelezo kwa matukio: nani alikufa, lini, kwa silaha gani, katika toleo la ngapi. Mimi nasema kwamba katika hadithi ya picha mwendelezo wa kwanza ni wa mkono wa mchoraji. Tazama jinsi kazi yenyewe ilivyoanza. Matoleo mawili ya kwanza yaliandikwa na Gerry Conway, mawili yaliyofuata na Archie Goodwin, mawili mengine na Gardner Fox, na Marv Wolfman aliingia katika toleo la 7. Waandishi wanne katika matoleo saba. Hadithi nyingine yoyote ingepotea njia kabisa, na kweli katika matoleo yale ya mwanzo watu hubadilika tabia kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Kilichoishikilia ni penseli ya Gene Colan, aliyechora matoleo yote 70, tangu 1972 hadi Agosti 1979, bila kukosa hata moja. Wolfman alipofika alikuta nyumba ambayo kuta zake hazijanyooka, lakini mwenye nyumba alikuwa tayari amekaa ndani na sura yake inajulikana.

Na sura hiyo haikupatikana kwa bahati. Unakumbuka kwamba kanuni za katuni za Marekani za mwaka 1954 zilikataza kabisa wanyonya damu, na zilipolegezwa mwaka 1971 ndipo Marvel ikamkimbilia Dracula. Stan Lee, mhariri wa Marvel, alikuwa amekwisha kumpa mchoraji Bill Everett kazi hiyo. Colan aliitamani mno, akachora kwa hiari yake ukurasa wa majaribio, akaupeleka, na kazi ikawa yake. Uso alioutumia ni wa mwigizaji Jack Palance, ambaye Colan alikuwa amemwona katika mchezo wa televisheni wa mwaka 1968 wa Daktari Jekyll na Bwana Hyde, akaona kwamba mtu yule anaweza kutisha na kuvutia kwa wakati mmoja. Kisha, mwaka 1974, Palance mwenyewe akaigiza Dracula katika televisheni. Penseli ilitangulia, kamera ikafuata. Mtu akiniambia kwamba sura ya mhusika ni nguo tu anayovishwa, humpa kisa hicho.

Umelalamika kwamba uso wa kwenye majalada hauendani na uso wa ndani. Ni kweli, kwa sababu majalada mengi yalichorwa na Gil Kane, na Dracula wa Kane ana misuli na ghadhabu ya mpiganaji, ilhali wa Colan hutembea kana kwamba hana uzito. Mimi jalada nalichukulia kama mpiga debe aliye nje ya basi. Dereva simtafuti pale.

Jambo ambalo hukuligusa, nami nalisikitikia, ni wino, yaani kazi ya mtu wa pili anayepita juu ya penseli ya mchoraji ili picha ichapike. Colan hakuchora kwa mistari mikavu. Alipaka vivuli vya penseli, kijivu juu ya kijivu, na watia wino wengi walishindwa kujua mstari uanzie wapi. Tazama toleo la 2, lililotiwa wino na Vince Colletta, kisha ulilinganishe na yoyote kati ya yale ya baadaye yaliyotiwa wino na Tom Palmer, ambaye alifanya sehemu kubwa ya mfululizo huu. Palmer alitumia brashi na zile karatasi za vitone zinazobandikwa kupata kivuli, na ukungu wa Colan ukabaki kuwa ukungu. Kitabu ulichoniletea, kwa kuwa hakina rangi, kinaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko matoleo ya awali. Nakuomba urudi nyumbani kwako ukafungue nakala yako mahali Dracula anapojigeuza moshi na kupenya dirishani: penseli na wino vimeshirikiana hivi kwamba huwezi kusema hapa ndipo mtu alipokwisha na hapa ndipo hewa ilipoanza.

Nitakupa ushahidi mwingine, ambao naamini hutaweza kuukataa. Kati ya 1973 na 1975 Marvel ilitoa jarida la nyeusi na nyeupe liitwalo Dracula Lives!, matoleo 13, likiwa na visa vya Dracula vya zama mbalimbali vilivyochorwa na mikono mingi. Kwa kanuni yako ya matukio, yule ni Dracula yuleyule: jina lake, ngome yake, historia yake. Lakini wewe mwenyewe uliniambia zamani, tulipokuwa tukisoma wote barazani kwetu, kwamba ulipoyasoma majarida hayo ulihisi unasoma habari za ndugu zake. Baadhi ya picha zile ni nzuri ajabu, hasa za Neal Adams, na hata hivyo moyo wako ulikataa. Sasa chukua upande wa pili. Mwaka 1976 kisa kilichoanzia katika toleo la 44 la The Tomb of Dracula kiliendelea katika toleo la 14 la Doctor Strange, katuni nyingine ya Marvel, ya mchawi mwenye jina hilo. Majarida mawili tofauti, waandishi wawili tofauti, Wolfman huku na Steve Englehart kule, na kwa kawaida visa vya kuvushana namna hiyo huacha mshono unaoonekana. Huu haukuonekana, kwa sababu wakati huo Colan na Palmer walikuwa wakichora Doctor Strange pia. Msomaji alivuka mpaka bila kujua kuna mpaka.

Niseme jambo moja la pembeni kabla sijafika kwa Blade. Katika barua yako unamwita Dracula mumiani. Najua umelitumia kwa mapenzi ya lugha, lakini nakuomba uliache. Mumiani tunayemjua sisi wa pwani ni mtu hai, anayetumwa, anayekusanya damu ya watu ili ifanywe dawa na iuzwe. Hofu yake ni hofu ya biashara na ya wakubwa walioituma. Dracula hatumwi na mtu, na damu hanywi kwa niaba ya mwingine. Upweke wake ndio hadithi yenyewe. Mimi nitaendelea kuandika mnyonya damu, ingawa ni refu.

Sasa Blade, ambaye ndiye chanzo cha ugomvi wetu. Anaingia katika toleo la 10, Julai 1973, usiku, kwenye bandari ya London, akiwa amevaa koti fupi la kijani na miwani mikubwa, nywele za afro, na mkanda wa visu vya mbao kifuani. Colan alisema kwamba alimchora kwa kuchanganya sura za waigizaji weusi wa wakati ule, Jim Brown akiwa mmojawapo. Mama yake aliumwa na mnyonya damu Deacon Frost akiwa katika uchungu wa uzazi, na kitu kikapita katika damu ya mtoto kikamkinga: akiumwa, hageuki. Hiyo tu. Hana nguvu za ajabu, haponi jeraha kwa dakika moja, hanusi damu kutoka mbali. Ni binadamu mwenye visu vya mbao anayesimama mbele ya viumbe wanaoweza kumvunja shingo, na silaha yake kubwa ni kwamba hawawezi kumfanya awe mmoja wao. Itazame miguu yake katika picha za Colan. Daima ameitanua, goti limekunjwa, uzito uko mbele, kama mtu anayejua kwamba akiteleza mara moja amekwisha.

Halafu ikaja filamu ya mwaka 1998. Wesley Snipes alivaa ngozi nyeusi kuanzia shingoni hadi visiginoni, akapewa upanga, miwani ya jua na michoro ya mwilini, na hadithi ikamfanya nusu mnyonya damu mwenye nguvu zao zote isipokuwa udhaifu wa jua. Nilikwisha kukuambia kwamba filamu ile niliipenda, na siyarudishi maneno yangu. Lakini mwaka 1999 katuni nazo zikaamua kumfuata: Morbius, mnyonya damu mwingine wa Marvel, akamuuma, na kuumwa huko kukambadilisha akawa kama yule wa filamu. Wewe unasema kwamba hakuna kilichovunjika, kwa kuwa badiliko limepewa sababu ndani ya hadithi, na hata unasifu kwamba, tofauti na kigingi cha mwaka 1972, hapa waandishi walijali kutoa maelezo. Maelezo yapo, nakubali. Kwa daftari lako la matukio hesabu imetimia.

Lakini mtu mwenyewe ameondoka. Yule wa Colan alikuwa na cha kupoteza kila alipotoka nje usiku. Huyu wa baadaye anasimama wima, mabega yamepanuka, mguu haujatanuka, kwa sababu mchoraji anajua kwamba hakuna kitakachomwangusha. Na kinga ile ya kuzaliwa, ambayo ilikuwa urithi pekee aliouachiwa na mama yake, inakuwa haina maana ikiwa Morbius anaweza kumbadilisha kwa kumuuma mara moja. Hilo ndilo linaloniuma, sahibu. Pengo la kigingi halikumwondoa mtu yeyote katika hadithi. Badiliko hili, pamoja na maelezo yake yote, limemwondoa mtu niliyemjua na kumweka mwingine mwenye jina lake. Hata Deacon Frost mwenyewe, mzee mwenye nywele nyeupe katika katuni, alifanywa kijana katika filamu, na sasa vijana huku kwetu nikiwaonyesha picha ya mzee yule wananiambia mchoraji amekosea.

Katika jambo moja umenishinda, nami nakuandikia bila kuficha. Umesema kwamba Blade wa miaka ile ya mwanzo huzungumza kama kikaragosi, kwa lugha ya mitaani iliyobuniwa na watu ambao hawakuishi katika mitaa hiyo. Ni kweli, na Wolfman mwenyewe alikuja kukiri kwamba maneno aliyompa mwanzoni yalikuwa ya mazoea, namna katuni za wakati ule zilivyomwandika kila mtu mweusi. Nilipoyasoma tena safari hii niliona haya kwa niaba ya mhusika ninayempenda. Na hata hapo, lifunike puto la maneno kwa kidole uitazame picha peke yake: mtu aliyechorwa ana heshima ambayo maneno hayo hayakumpa.

Kuhusu lile suala la Fomula ya Montesi, ule uganga ulio katika toleo la 62 la Doctor Strange la mwaka 1983, iliyowaangamiza wanyonya damu wote duniani kisha wakarudi baada ya miaka michache, sina ubishi nawe. Mlango uliofungwa kwa kishindo namna ile haukupaswa kufunguliwa haraka hivyo. Rachel van Helsing, mwindaji wa wanyonya damu, ndiye anayenisumbua zaidi. Alipigana bega kwa bega na Frank Drake na mzee Quincy Harker kwa miaka yote ya mfululizo, halafu mwaka 1982 akageuzwa mnyonya damu na kufa kwa mkono wa shujaa Wolverine, kwa kuomba mwenyewe, ndani ya toleo maalumu la mwaka la katuni ya X-Men. Bill Sienkiewicz, aliyelichora, ni mchoraji mkubwa na kurasa zile ni nzuri. Lakini aliyefia pale nilimtambua kwa jina tu, na msiba wa mtu unayemtambua kwa jina tu ni msiba wa jirani wa mtaa wa tatu.

Nimekiacha mwisho kile ninachokipenda kuliko vyote. Quincy Harker. Katika riwaya ni mtoto wa Jonathan Harker, anayezaliwa baada ya mambo yote kwisha, siku ileile ya mwezi aliyokufa Quincey Morris, akapewa jina lake. Katuni imempunguzia herufi moja, na hilo uliliandika katika orodha yako ya makosa. Lakini hesabu umri wake. Aliyezaliwa katika miaka ile ya mwisho ya karne ya 19 anakuwa mzee wa karibu miaka 80 katuni inapoanza, na ndivyo hasa Colan alivyomchora: mzee katika kiti cha magurudumu, mikono imejaa mishipa, mbwa wake Saint pembeni, na silaha zimefichwa ndani ya kiti. Ulimwengu wa Marvel umejaa watu wasiozeeka. Huyu alizeeka. Ni yeye aliyeifunga katuni kwenye kalenda ya kweli, na kwa sababu hiyo hawezi kusogezwa mbele kama wengine wanavyosogezwa kila kizazi kipya cha wasomaji kinapokuja.

Katika toleo la 70 Harker anapanda peke yake hadi kwenye ngome, anachomoa njiti ya fedha kutoka gurudumu la kiti chake, na kumchoma Dracula moyoni, huku baruti aliyoificha ikisubiri kuwaondoa wote wawili. Nimezitazama kurasa zile usiku wa jana kwa muda mrefu. Nyuso zao zinakaribiana, wa mzee na wa Dracula, na mchoraji amezipa mifupa inayofanana, mashavu yaleyale yaliyoingia, macho yaleyale yenye uchovu. Miaka saba ya mkono mmoja inahitajika ili nyuso mbili zifike pale. Hakuna mwandishi aliyeandika kwamba wawili hawa wamefanana.

Umenieleza kwamba unayo pia yale matoleo manne ya mwaka 1991, ambayo Wolfman na Colan walirudi pamoja lakini wino ukatiwa na Al Williamson. Mimi sijayashika. Nakuomba uniletee kwa mtu yeyote anayekuja likizo, hata kama ni nakala zilizochakaa, kwa maana yatatupa mtihani wa kweli: penseli ni ileile, brashi ni nyingine, nami nataka kuona kama nitamtambua. Nikishindwa kumtambua, nitakuandikia hivyo bila kupunguza neno.

Mama ameniita chakula. Wape watoto salamu zangu, na umwambie yule mdogo kwamba ile picha ya popo aliyoichora na kuiweka ndani ya kitabu nimeibandika ukutani, juu ya meza ninapoandikia.

Wako daima,

Sahibu yako wa Tanga